Meza ya Dirishani

Ugonjwa ulipofunga milango ya mji, watu wawili wa nyumba moja walirudi kwao wamebeba kazi zao mikononi. Mmoja alikuwa kijana ambaye wenzake walimwita Pampu. Kampuni yake iliuza pampu za maji, naye alikuwa mtu wa simu: mteja akipiga kulalamika kwamba pampu imegoma, yeye humwelekeza taratibu aifungue wapi, aisafishe vipi, mpaka maji yatoke. Alirudi na kompyuta ya ofisi, vipokea sauti vya kuvaa kichwani, na agizo la kufanya kazi nyumbani mpaka atakapoambiwa vingine.

Wa pili alikuwa baba yake, fundi cherehani, mgane wa miaka mingi. Kibanda chake sokoni kilifungwa siku moja na vibanda vyote. Alikodi mikokoteni miwili, wa kwanza ukabeba cherehani na wa pili ukabeba vitambaa, na yeye mwenyewe akatembea nyuma yake kama mtu anayesindikiza bibi harusi.

Nyumba yao ilikuwa na meza moja tu ya maana, ile ya sebuleni chini ya dirisha. Pampu aliweka kompyuta upande wa ukutani. Mzee aliisogeza cherehani yake ikagusana na upande wa pili, apate mwanga na apate pa kuwekea mkasi. Wakatazamana uso kwa uso kama wachezaji wa bao.

Siku za mwanzo Pampu alikuwa hafai. Alitoka kitandani, akavuta kiti, akaanza kupokea simu na matongotongo machoni. Kufika saa nne anapiga miayo, saa sita amelaza kichwa juu ya meza. Mzee alimtazama tu. Kisha asubuhi moja Pampu alimkuta baba yake amesimama jikoni, ameoga, amechana nywele, amevaa viatu vyake vya sokoni vilivyong'arishwa.

"Baba, unakwenda wapi? Si tumekatazwa kutoka?"

"Nakwenda kazini."

"Kazini wapi?"

"Pale sebuleni. Kazi haimfuati mtu kitandani, mwanangu. Mtu ndiye anayeifuata. Kaoge."

Pampu alicheka, lakini akaoga. Akavaa shati na suruali ya kazini. Mzee akatoka kwa mlango wa nyuma, akaizunguka nyumba mikono nyuma, akaingia kwa mlango wa mbele.

"Habari za asubuhi, bwana," akasema.

"Nzuri, Fundi. Umechelewa leo."

"Njia ilikuwa mbaya. Kuna kuku wa jirani alinizuia pale kona."

Ukawa ndio mtindo wao. Kila asubuhi wanatoka kwa nyuma, wanaizunguka nyumba, wanaingia kwa mbele wakisalimiana kama watu wa ofisi moja. Jirani mmoja aliyewachungulia juu ya ukuta alidhani ugonjwa umewapanda kichwani. Lakini mzaha huo ulikuwa na nguvu zake. Pampu akishakaa mezani kwa namna ile, mwili ulijua kwamba umefika. Naye mzee, ambaye hakuwa na wateja tena, alianza kushona barakoa kwa vitambaa vilivyobaki, kisha suruali za watoto wa mtaa, kisha mapazia ambayo hakuna aliyeyaagiza. Pampu akilegea, baba yake alimtupia jicho juu ya miwani.

"Bwana, simu yako inalia."

"Nimechoka, Fundi."

"Hata mimi. Maliza huyo, halafu tuchoke pamoja."

Wateja wakaridhika, na alama za Pampu kazini zikapanda. Msimamizi wake, mwanamke mpole wa sauti lakini mkali wa macho, alimpigia kwa video siku moja kumsifu. Kisha akasita.

"Pampu, kuna kelele nyuma yako kila ninaposikiliza simu zako. Kama treni."

"Ni cherehani, dada. Baba yangu anashona."

"Aa. Sasa sikiliza. Tunatafuta kiongozi wa kikundi, mtu wa kuwatia wenzake moyo maana wengi wamekata tamaa. Jina lako limetajwa. Lakini simu za kiongozi lazima ziwe safi. Umenielewa?"

Alimwelewa. Tena alimwelewa haraka mno, na baadaye haraka hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. Hakuuliza kama kuna njia nyingine. Hakufikiria kuhamia yeye chumbani na kompyuta yake nyepesi, ambayo mtu angeibeba kwapani. Wakati wa chakula cha mchana aliikoroga sahani yake, akasema bila kuinua uso:

"Baba, nafikiri kile chumba cha nyuma kina nafasi zaidi. Ungeweza kutandaza vitambaa vyako vyote."

Chumba cha nyuma kilikuwa stoo. Kidirisha chake kilitazama ukuta wa jirani, na taa iliwashwa hata mchana. Mzee alimaliza tonge lake, akanawa mikono.

"Kelele, siyo?"

"Siyo kelele hasa. Ni kazini, wanataka..."

"Nimekuelewa, mwanangu. Mimi mwenyewe sokoni nilikuwa nawafukuza wauza redio."

Alicheka, na Pampu akafarijika kwa kicheko kile kwa sababu alitaka kufarijika. Alasiri hiyohiyo mzee aliivuta cherehani yake mwenyewe. Pampu alikuwa kwenye simu na mteja. Aliona miguu ya chuma ikikwaruza sakafu, akamwashiria baba yake kwa mkono asubiri, atakuja kumsaidia. Mzee akamwashiria naye: endelea, endelea. Simu ilipokwisha, sebule ilikuwa kubwa na kimya.

Uongozi aliupata. Kila asubuhi alikutana kwa video na kikundi chake, watu wenye nyuso zilizovimba kwa usingizi, mmoja anampakata mtoto, mwingine amejifunika blanketi mpaka shingoni. Kazi yake ilikuwa kuwaamsha. Siku ya kwanza alikosa la kusema, akajikuta anasema: "Jamani, kazi haimfuati mtu kitandani. Mtu ndiye anayeifuata. Ogeni, vaeni viatu, mzunguke nyumba, mwingie kwa mlango wa mbele."

Wakaangua kicheko. Yule mwenye blanketi alilivua palepale. Msimamizi akamwandikia ujumbe: "Umeyatoa wapi hayo? Una kipaji."

Pampu akajibu: "Yamenijia tu."

Mchana ule, mzee alimkuta Pampu jikoni alipokuja kuchukua maji ya kunywa. Kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba. Mtu akipiga chafya sebuleni, wa stoo humwombea afya.

"Nimeyasikia maneno yale," mzee akasema. "Umeyasema vizuri."

Hakukuwa na kijembe ndani yake, wala jicho la pembeni. Akanywa maji yake, akarudi stoo. Pampu alibaki ameshika mlango wa kabati.

Kilichofuata hakikuja kwa kishindo. Mzee aliacha kuvaa viatu vya kazi. Kutoka chumbani kwake hadi stoo zilikuwa hatua chache. Angezunguka nyumba kwa ajili ya nani? Mwanzoni mlio wa cherehani ulisikika kwa mbali, kisha ukawa wa asubuhi tu, kisha siku nyingine haukusikika kabisa. Pampu alipochungulia, alimkuta baba yake amekaa kwenye kiti, kitambaa magotini, anautazama ukuta wa jirani.

"Hujambo, Baba?"

"Sijambo. Macho tu. Mwanga hautoshi."

Pampu alinunua taa kubwa zaidi. Mzee akamshukuru sana.

Na jambo ambalo Pampu hakulitegemea ni kwamba yeye naye alianza kuoza polepole kama embe la chini ya kapu. Juu alivaa shati la kola kwa ajili ya video, chini bukta aliyolalia. Aliwahimiza wenzake wazunguke nyumba, ilhali yeye hakuwa ameliona jua. Alikula juu ya kibodi. Maneno ya kutia moyo aliyasema kila asubuhi, na kila asubuhi yalimtoka mdomoni makavu zaidi, mpaka akawa anayaogopa. Mbele yake, upande wa pili wa meza, hapakuwa na mtu wa kumwambia "maliza huyo, halafu tuchoke pamoja." Pale alikuwa ameweka kikombe na chaja.

Dada yake mkubwa, aliyeolewa mji mwingine, alipiga simu siku moja. "Baba ana nini? Nikimuuliza anashona nini, ananiambia anapumzika. Tangu lini baba akapumzika?"

"Ni uzee, dada. Na ugonjwa huu umemchosha kila mtu."

"Alikuwa mzee mwezi uliopita pia, na alikuwa ananishonea mapazia nisiyoyataka."

Pampu akabadilisha mazungumzo.

Aliyemzindua hakuwa dada yake, bali mteja. Alikuwa bibi mmoja aliyekuwa na pampu mbovu kisimani kwake. Kila ikigoma alipiga na kuomba apewe Pampu, hataki mwingine. Siku ile walipoifufua tena, yule bibi hakukata simu.

"Mjukuu wangu, yule fundi wako amekwenda wapi?"

"Fundi gani, bibi?"

"Si yule wa cherehani? Nilikuwa namsikia. Mimi huku niko peke yangu tangu tufungiwe. Nikiisikia cherehani ile najisemea, kumbe kuna nyumba watu wako kazini. Siku hizi hasikiki mtu ila wewe. Hajafa?"

"Hajafa, bibi. Yupo."

"Mpe salamu. Mwambie nauliza habari zake."

Pampu alivua vile vipokea sauti, akaviweka chini. Simu nyingine ililia, akaiacha ilie. Akaenda stoo moja kwa moja.

"Baba, naomba urudi mezani. Mimi nitahamia huku na kompyuta. Au tukae wote, kelele wataizoea. Kuna mteja anakuulizia."

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Alipopewa salamu za yule bibi alitabasamu, akauliza kama pampu yake imepona.

"Imepona."

"Vizuri. Lakini hapa nimeshazoea, mwanangu. Na dada yako ameniomba niende kwake njia zikifunguliwa. Nimekubali."

"Umekubali lini?"

"Juzi. Nilitaka kukwambia, ila ulikuwa na kikao."

Njia zilipofunguliwa, shemeji alikuja na gari. Safari hii Pampu hakuwa kwenye simu. Aliibeba cherehani upande mmoja, shemeji upande wa pili, na mzee akawa anawaelekeza: taratibu, msiishike hapo, inamisheni kidogo. Alimuaga mwanawe kwa kumshika bega, kwa kuwa watu walikuwa hawajarudia kukumbatiana.

Huko kwa dada yake, cherehani iliwekwa barazani. Dada alimsimulia kwa simu: asubuhi ya pili tu mzee alivaa viatu, na kabla wiki haijaisha mama wa nyumba ya tatu alikuwa amehamishia cherehani yake palepale barazani, ati akifanya kazi peke yake analala. Sasa wako wanne, na mzee ndiye mkuu wa ofisi. Wakichelewa anawauliza njia ilikuwaje. Dada alicheka mpaka akakohoa. Pampu alicheka naye, akafurahi kweli, na furaha ile ikamchoma kama moshi wa kuni mbichi.

Ofisi ilipofunguliwa alirudi. Wenzake walimpokea kwa makofi. Yule wa blanketi alimwambia maneno yake ndiyo yaliyomvusha. "Hayakuwa yangu," Pampu akasema. "Yalikuwa ya baba yangu." Mwenzake akasema "wazee wana hekima," akaenda kujimiminia chai.

Likizo ya kwanza alikwenda kumwona mzee. Njia nzima alikuwa anaipanga sentensi moja. Walipobaki wawili barazani, wenzake mzee wamekwenda kula, aliitoa.

"Baba, nisamehe kwa kukufukuza mezani."

Mzee alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Alishangaa, au alijifanya.

"Kunifukuza? Nani kamfukuza nani? Si mimi mwenyewe niliyeivuta cherehani?"

"Baba..."

"Achana na hayo, mwanangu. Umekula?"

Pampu alijua kwamba amesamehewa. Alijua pia kwamba hatapata nafasi ya pili ya kulisema jambo lile mpaka mwisho wake. Wenzake mzee wakaanza kurudi, mmoja mmoja, wakikaa kwenye viti vyao. Kijana akainuka kumpisha mama wa nyumba ya tatu, kwa kuwa alikuwa amekalia kiti chake.