Pezi la Hamsini na Saba

Haya ni kweli tupu. Naapa kwa meno yangu yote, pamoja na yale yanayolala kwenye glasi.

Mjini kwetu, hapa Iowa, Marekani, gwaride la sikukuu ya uhuru, tarehe nne Julai, huongozwa na gari moja la kale. La pili hufuata nyuma ya farasi na vinyesi vyao. Mwaka jana nyuma ya farasi nilikuwa mimi, na mke wangu Marlys, aliyekuwa amevaa nguo nyeupe, aliniambia kwa upole kwamba hatarudia.

Magari yote mawili ni Chevrolet Bel Air. La jirani yangu Delmar Tjaden ni la mwaka wa hamsini na sita, silinda sita, limetulia kama shemasi. Langu ni la hamsini na saba, silinda nane, mapezi ya bati nyuma, na kromu ing'aayo kama kioo, inayotosha wanaume wa kanisa zima kujinyolea ndevu. Delmar husema mapezi ni ya samaki, na kwamba gari langu ni mlevi wa petroli. Mimi husema halinywi, linaonja.

Kamati ya gwaride ikachoka na ubishi wetu wa nani aongoze. Ikaamua tujaze matangi kwenye kituo cha petroli, twende bwawani na kurudi, kisha tujaze tena. Litakaloongezwa petroli kidogo zaidi ndilo litakaloongoza.

Delmar alitangulia. Mimi nilikawia kidogo kwenye shamba la mahindi la binamu yangu, kwa haja ambayo mzee yeyote wa umri wangu ataielewa.

Kituoni, la Delmar liliongezwa galoni mbili na ushei. Langu nilipoligusa tu kwa bomba, petroli ikanimwagikia viatuni. Nikawaeleza kwamba injini ya hamsini na saba, ikipata upepo wa mgongoni, hurudisha tangini isichokitumia. Ningekwenda mbali zaidi ningelazimika kusimama nipunguze.

Sasa, mdomo wa tangi la gari lake umefichwa nyuma ya taa ya kushoto. Wangu umefichwa ndani ya pezi la kushoto, nyuma ya kijilango cha kromu, na mgeni anaweza kulizunguka gari mpaka jua lizame asiuone. Delmar akainama, akachomoa ndani ya kijilango hicho jani bichi la mahindi.

“Verlin, mzee mwenzangu,” alisema, “hapa tulipafunga asubuhi, wote tukiona. Hili limeingiaje?”

“Upepo.”

“Upepo umejua mlango ulipo? Mkweo mwenyewe alipoliazima gari aliutafuta akashindwa.”

Nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa vinanuka petroli ya binamu yangu.

Siku ya gwaride nilifuata farasi wote wa wilaya, kiti cha pembeni kikiwa kitupu. Marlys aliongoza, kando ya Delmar ndani ya hamsini na sita, na nguo yake nyeupe. Walipokata kona ya benki alinipungia mkono. Sikuweza kumjibu. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani, nikikwepa.