Harusi ya Nahla Karakanani

Mwanakhamis hakuihudhuria harusi ya mwanawe. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe aliteleza kwenye ngazi za kiwanda kimoja cha jinzi huko Xintang, Uchina, akavunjika mguu, na daktari akamkataza kupanda ndege. Mumewe, Haidar, akaenda Unguja peke yake kumwoza Nahla.

Aliporudi Guangzhou, walikofanyia biashara ya nguo, hakupitia hata chumbani. Alishuka barabara ya Huanshi Zhonglu, akaingia duka moja, akahamishiwa ukanda wa video ya harusi kwenye sidii, akanunua laptopu iliyotumika, kisha huyoo mtaa wa Kangle, kwenye karakana ya ushonaji ambako mkewe alikuwa akisimamia oda ya magauni, mguu wenye plasta juu ya robota la kitambaa.

"Fumba macho, Mama Nahla."

Alipofumbua, alimwona mwanawe kwenye kioo cha laptopu, amepambwa akapambika. Lakini Nahla alipiga hatua moja, akaganda, kisha akaibukia mbele ya ukumbi. Vigelegele vikakatika vipande vipande.

"Mwanangu ana nini?" aliuliza Mwanakhamis.

"Hana kitu! Ni hili dude. Wameniuzia bovu."

Akarudi nalo dukani mbio mbio. Huko Nahla akatembea kwa madaha, hakwami wala hasiti. Haidar akaomba radhi, akarudi Kangle, akaifungua tena. Nahla akaganda.

Haidar akajishika kichwa. Mwanakhamis alimtazama, shati limemlowa jasho, kiatu kimoja kimefunguka kamba, akahisi anampenda kuliko siku aliyoolewa naye.

"Baba Nahla, kule dukani ilikuwa imechomekwa kwenye umeme?"

"Ndiyo."

"Na hapa je?"

Haidar akafungua kijitabu kilichokuja na laptopu, akakifuatisha Kiingereza chake kwa kidole. "Wanasema ikitumia betri, prosesa, yaani ubongo wake, hupunguza kasi ili betri isiishe upesi. Ukichapa barua huoni tofauti. Lakini video inautaka ubongo wote."

"Kumbe si mbovu, ni bahili tu!" Mwanakhamis akacheka, machozi yakimtoka.

Shida ikabaki moja: kila soketi ilikuwa na cherehani. Mwanakhamis akamwita laobani, mama mwenye karakana. Maneno ya Kichina yalipomwishia, alimwonyesha bibi harusi kwenye kioo, kisha waya, kisha akajigusa tumbo: huyu nimemzaa mimi. Laobani akautazama mguu wenye plasta. Akaenda kuchomoa mashine ya kutia vifungo.

Waya ulipoingia, prosesa ikarejea kasi yake, na Nahla akaja moja kwa moja kuelekea kamera, taratibu, hatua baada ya hatua, akitabasamu kama aliyejua nani atamtazama.

Mwanakhamis akapiga kigelegele kilichozima cherehani zote. Mafundi wakamzunguka, wakajaribu kumuiga, wakashindwa, wakaangua kicheko. Haidar alimfuta machozi kwa ncha ya mtandio, naye akamshika mkono asiuondoe.

Magauni yalichelewa siku moja. Hakuna aliyelalamika.