Cheo Alichokirudisha Sindano

Sindano alipotajwa kwenye gwaride la asubuhi kwamba ndiye kiongozi mpya wa zamu, wenzake walimpigia makofi mepesi, kama ya kukung'uta vumbi. Hakuyatilia maanani. Furaha ilikuwa imemziba masikio.

Pale kituo cha zimamoto walimwita Sindano kwa wembamba wake. Palipokuwa na dirisha dogo na moshi mzito, yeye ndiye aliyepenyezwa. Alikuwa na vyeti vya chuo, alikuwa na kovu la moto kwenye kiwiko, na usaili wa cheo kile aliuandaa mpaka akawa anaota maswali. Kwa hiyo mkuu wa kituo alipombandika tepe za cheo mabegani, alijisemea moyoni: haki yangu.

Mzee Kijana alikuja kumpa mkono. Huyu aliitwa hivyo kwa mvi zilizomwota mapema mno. Walisoma chuo kimoja, wakaajiriwa pamoja, na cheo hicho walikuwa wamekiomba wote wawili.

"Hongera, dada," alisema, macho yake yakiwa kwenye magari.

Baadaye Sindano alikuwa ameinama nyuma ya makabati ya chumba cha kubadilishia nguo, anavua buti, akasikia sauti ya dereva wa gari la maji.

"Tungejua tusingejisumbua kukariri. Usaili wa danganya toto ule. Mwenye mjomba wake keshapewa."

Alitokeza na buti moja mguuni. "Rudia."

Dereva alishtuka, lakini hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. "Narudia. Mjomba wako alimpigia simu mkuu. Mkuu kamwambia karani, karani katwambia sisi. Usiniambie hukujua."

"Sikujua."

"Basi ndiyo umejua."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomuuma. Wangecheka, angejua wanamtania.

Jumapili alikwenda kwa mama yake. Mjomba alikuwa amekwisha fika, ameketi kwenye kile kiti ambacho watoto wa nyumba hiyo walikua wakijua hakikaliwi na mwingine. Alikuwa bwana mkubwa katika ofisi kuu za mji, zile zinazoidhinisha hata mafuta ya magari ya zimamoto. Tena alikuwa mtu mwema. Baba yake Sindano alipofariki, mjomba ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamfundisha kuendesha baiskeli na kujibizana na wavulana.

"Kiongozi huyo!" alisema akimfungulia mikono. "Njoo nikuone mabega."

"Mjomba, ulimpigia simu mkuu wangu?"

"Aa, dakika mbili tu. Nilimwambia, kuna binti yangu hapo, mwangalie kwa jicho zuri. Mbona jambo dogo."

"Nani alikutuma?"

Mama aliweka birika chini. "We mtoto, ndivyo unavyomshukuru mjomba'ko?"

"Nimshukuru kwa lipi, mama? Nimeingia kwenye majengo yanayoanguka. Nimetoa watu wakiwa hai, nimetoa na maiti. Leo pale kituoni mimi si mzimamoto tena. Ni mpwa wa mtu."

"Kila mtu ana mtu wake," mjomba alisema taratibu, kama anayemweleza mtoto kwa nini mvua inanyesha. "Nisingepiga mimi, angepiga mwingine kwa ajili ya mwingine. Ungekaa hapo mpaka uote mvi ukisubiri haki."

"Yupo aliyekwisha ota mvi akiisubiri. Nimempita yeye."

Aliondoka kabla chakula hakijapakuliwa.

Kesho yake aliingia ofisini kwa mkuu wa kituo, akazivua tepe zake, akaziweka juu ya kioo cha meza, kati ya simu na kikombe cha chai.

"Naomba usaili urudiwe, mkuu."

Mkuu alimtazama kama aliyeambiwa nje kunanyesha unga. "Binti, una akili timamu? Watu wanakesha wakiomba cheo, wewe unakirudisha?"

"Nilipata alama ngapi?"

Mkuu alifunga kalamu yake, akaifungua tena. "Ungepita tu. Wewe ni hodari, nani asiyejua?"

"Ngapi, mkuu?"

"Hatukusahihisha. Kulikuwa na haja gani tena?"

Hapo ndipo alipochomwa moyo. Alikuwa ameandika kurasa nzima kuhusu namna ya kuwatoa watu kwenye jengo la ghorofa umeme ukiwa haujakatwa. Aliyapima maneno yake moja moja. Wala hakuna aliyeyasoma. Hata sifa zake halali walikuwa wamemnyang'anya.

"Toka, vaa tepe zako, usinipotezee muda," mkuu alisema.

Alitoka. Tepe aliziacha pale pale mezani.

Kwenye gwaride lililofuata, mkuu aliita viongozi wa zamu wasogee mbele. Sindano alibaki mstarini, mabega matupu.

"Sindano! Mbele!"

"Nafasi hiyo bado haijapata mwenyewe, mkuu."

"Unasemaje?"

"Kazi yetu hapa ni kubeba watu. Sikubali mimi nibebwe. Karatasi zetu zisahihishwe au usaili urudiwe, aliyeshinda ajulikane kashinda kwa lipi."

Mtu mmoja aliguna, mwingine akakohoa kuficha kicheko. Mkuu alikuwa amewiva kwa hasira. "Huu ni utovu wa nidhamu! Naweza kukufukuza sasa hivi!"

"Nifukuze. Ila kwenye barua uandike sababu: alikataa cheo cha bure."

Watu waliokuwa wakipita nje walianza kusimama kwenye uzio kutazama. Dereva wa gari la maji alitoka kwenye mstari wake akaja kusimama ubavuni kwa Sindano. Mzee Kijana akafuata. "Na mimi naomba karatasi yangu isomwe, mkuu," alisema. Wakasogea na wengine, buti zikikwaruza sakafu ya saruji, mpaka mstari ule wa mwanzo ukabaki na watu wa kuhesabika, nao wakitazamana.

Mkuu aliangalia uzio, akaangalia watu wake. "Mtafanya upya," alisema hatimaye. "Na atakayeshindwa asije kunililia mimi."

Wasimamizi waliletwa kutoka kikosi cha mji mwingine, watu wasiomjua yeyote pale na wasiotaka kumjua. Kwanza ilikuwa karatasi. Kisha chumba cha moshi, ambako Sindano alitoka wa kwanza akiburuta sanamu zito kumzidi yeye. Mwisho likaja zoezi la kuongoza. Jengo la mafunzo lilifanywa nyumba ya wageni inayoungua, na kila mwombaji alipewa kikosi na redio ya mkononi.

Sindano alianza vizuri. Alikata umeme, akagawa watu, mipira ya maji ikanyooshwa. Ndipo mmoja wa walioigiza wageni akapiga ukelele: "Mtoto! Kuna mtoto juu!" Na Sindano, bila hata kufikiri, akavaa barakoa yake akapanda ngazi mwenyewe.

Alirudi na yule mtoto wa sanamu kifuani. Msimamizi, mama mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa anamsubiri chini.

"Umemwokoa," alimwambia. "Lakini ulipokuwa juu, watu wako huku chini walikuwa hawana wa kuwaambia lolote. Ukuta ungeanguka, nani angewaita watoke?"

Zamu ya Mzee Kijana ilipofika, aliposikia ukelele ule ule, alibaki amesimama palepale na redio mkononi, akatuma wengine. Ungemtazama shingo ungeona mishipa ilivyomtoka, jinsi alivyojizuia asikimbie. Alama ziliposomwa hadharani, cheo kilikuwa chake.

Sindano alimpa mkono akimtazama usoni. Kisha akaenda kwenye stoo ya mipira ya maji, akafunga mlango, akalia kwa hasira mpaka kamasi zikamtoka. Alikuwa amekitaka kile cheo. Asikudanganye mtu kwamba hakukitaka.

Mjomba alimkuta getini siku iliyofuata.

"Umefurahi sasa? Kitu kilikuwa mkononi, ukakimwaga mwenyewe."

"Nimeshindwa, mjomba. Lakini safari hii nimeshindwa mimi. Ile ya kwanza ulishinda wewe."

"Kwa hiyo unanidharau."

"Nakuheshimu. Nyumba yako ikishika moto nitaingia wa kwanza. Ila hapa kituoni piga simu ukiona moto tu."

Mjomba alikwenda kumshtaki kwa mama yake. Mama alimsikiliza mpaka akaishiwa maneno, halafu akasema, "Kaka, wewe ndiye uliyemlea asiogope watu. Sasa unashangaa nini?" Tangu hapo, kwa muda mrefu kidogo, kile kiti kilikaa bila mtu Jumapili.

Kufanya kazi chini ya Mzee Kijana hakukuwa rahisi. "Sindano, baki hapo," alikuwa akimwambia, naye anabaki huku anasaga meno, anajifunza kutazama moto mzima badala ya dirisha moja. Wakati mwingine walibishana mpaka kwenye gari. Dereva aliongeza sauti ya king'ora ili asiwasikie.

Mvua zilipokwisha, ikatangazwa nafasi ya mtunza vifaa. Watu waliomba, wakafanya usaili, na asubuhi moja mkuu akasimama mbele ya gwaride akiwa na jina tayari mdomoni.

"Alama kwanza, mkuu," Mzee Kijana alisema.

Mkuu alivuta pumzi, akatoa karatasi mfukoni, akazisoma mbio mbio, kwa kunung'unika.

"Hatujasikia, mkuu," Sindano alisema kutoka mstari wa nyuma. "Soma tena."

Mkuu alimkodolea macho. Mstari mzima ulikuwa umenyooka, unangoja. Akasafisha koo, akasoma tena, kwa sauti.