Wapagazi wa Toleo la Saba

Tangu toleo la saba lilipoingia kwenye ruta, watu waliofia njiani zamani walianza kurudi Tabora kwa miguu, na mtandao ukawa mzito. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa Jumatatu asubuhi kwenye daftari la malalamiko, ukurasa wa kumi na tisa, kwa mwandiko wa Fikiri mwenyewe.

Fikiri alikuwa na miaka hamsini na miwili. Shule aliiacha darasa la sita akaingia kwenye ufundi wa redio, kutoka redio akaingia kwenye televisheni, na televisheni zilipokuwa nyembamba kiasi cha kutotengenezeka, akaingia kwenye ruta, vile visanduku vya kugawa intaneti. Sasa alikuwa fundi pekee wa kampuni ya Abdulatifu pale Gongoni, iliyouza intaneti kwa wateja mia tatu na kumi na wanane, kuanzia Isevya hadi Lusu kule Nzega. Kazi zake zilikuwa mbili. Ya kwanza, kuandaa matoleo mapya ya programu inayoendesha ruta na kuyapeleka kwa wateja wote kwa wakati mmoja, kutoka kwenye kompyuta iliyokuwa chini ya mnara. Ya pili, kupokea lawama.

Matoleo aliyapeleka Ijumaa saa saba mchana. Mafundi wa miji mingine husubiri watu walale. Yeye alisubiri watu waende msikitini. Katika nusu saa ile ruta zilizimika na kuwaka upya, na watu walipotoka kwenye swala walikuta kila kitu kinafanya kazi. Yeye mwenyewe alikuwa ameikosa swala ya Ijumaa karibu kila alipokuwa na toleo, na hilo lilikuwa kati yake na Mola wake.

Kosa la toleo la saba lilianzia Lusu. Ujumbe wa kule ulipita ruta nyingi kabla haujafika mjini, na programu ilikuwa na sheria moja: kila ujumbe hupewa idadi ya vituo, kila ruta unayopita inapunguza kimoja, na vikiisha ujumbe hutupwa hapo hapo ulipo. Baadhi ya ujumbe wa Lusu ukawa unatupwa. Benedikta, muuguzi wa zahanati ya huko, alilalamika mara tatu. Fikiri akaisoma ile sheria, akaona ni ukosefu wa adabu. Yeye ni mtu wa ukoo wa wapagazi, waliobeba mizigo kutoka pwani mpaka Ujiji, na alilelewa akiambiwa kwamba mzigo hauachwi njiani. Mbebaji akianguka, wenzake hugawana alichobeba. Akaufuta mstari unaopunguza vituo, mahali pake akaandika kwamba hakuna cha kutupwa, akapeleka toleo.

Hakutaja ni mizigo gani, wala ya mwaka gani. Mashine ikalichukua neno lake kama lilivyo.

Maoni ya kwanza yalitoka kwa Najiat, mshonaji wa Isevya. "Nyota nne," aliandika. "Ujumbe haupotei tena. Ila jana babu yake baba amefika na furushi la shanga, amelala sebuleni, miguu vumbi tupu. Mngetangaza mapema ningefua mashuka."

Fikiri akajibu: "Asante kwa maoni yako. Tunaomba radhi kwa mashuka."

Mwalimu Erasmus aliuliza kama sauti za watu wanaoimba wakitembea, zinazosikika ukitega sikio kwenye ruta, zinakatwa kwenye kifurushi chake. Fikiri akamjibu kwamba hazikatwi.

Jumanne mchana alikwenda Isevya kula kwa mama yake. Nje ya kibanda cha kinyozi alikaa Shomari, mwenye kibanda, akijipepea na kipande cha boksi.

"Mtoro!" Shomari aliita. "Leo kazini umekwenda, au umetoroka?"

"Nimekwenda, Mzee Shomari. Shikamoo."

"Marahaba. Nauliza tu. Nyinyi damu yenu ina miguu."

Jina hilo halikuwa la Fikiri peke yake. Mama yake aliitwa Tatu wa Mtoro, na babake mama yake aliitwa hivyo hivyo tangu anatambaa. Habari yenyewe kila mtu pale aliijua. Mpagazi mmoja, Mihambo, alikwenda pwani na msafara wa babu mkubwa wa Abdulatifu. Msafara ukarudi bila yeye. Tajiri akawatangazia watu kwamba Mihambo ametorokea Tura na jino la ndovu, na kufidia jino hilo akachukua kiwanja cha Mihambo pale Gongoni. Mke wa Mihambo alihamia Isevya na mimba ya miezi saba. Kwenye kiwanja hicho sasa ilikuwepo ofisi ya kampuni, na mnara.

Bi Tatu alikuwa na miaka themanini na mmoja. Fikiri alimkuta amekaa kwenye mkeka, simu ameilaza pajani kama kifaranga.

"Babu yangu ananitumia sauti," alisema. "Kaa usikilize. Nimeisikia mara tisa."

Sauti ilikuwa ya kijana, Kinyamwezi cha zamani kilichochanganyika na Kiswahili cha njiani. Ilisema: "Mimi Mihambo. Niko Tura. Mguu ulivimba nikashindwa kutembea. Jino wameliondoa kichwani kwangu wakagawana kubeba, tajiri akaamuru. Mimi wameniacha na kibuyu cha maji. Sasa mguu hauumi tena, nimeamka, nakuja. Nambieni mke wangu amejifungua nini."

"Umemjibu?" Fikiri aliuliza.

"Nimemjibu. Nimesema, mtoto wa kiume, babu. Akakua, akanizaa mimi. Mimi nikamzaa huyu fundi." Akamsogezea sahani ya wali na mlenda. "Lakini majibu yanakwenda taratibu. Nadhani nayo yanatembea."

"Yanatembea, mama."

"Atafika lini?"

Fikiri akahesabu vituo kwa vidole. Tura, Rubuga, Kigwa. "Ijumaa. Mchana mchana."

"Basi Ijumaa viti vitoke nje," alisema mama yake. "Na huyo Shomari na wazee wenzake waje wakae mbele, waone mguu wenyewe. Nimeitwa hivyo miaka themanini na mmoja, Fikiri. Sitaki nizikwe nikiitwa hivyo."

Jumatano sauti ilitoka Rubuga. Siku hiyo hiyo Benedikta aliandika tena kutoka Lusu, mahali ambapo simu za kawaida hazishiki na ruta ya zahanati ndiyo njia pekee: "Fundi, ujumbe haupotei, nashukuru. Ila unachukua saa tatu kutoka. Njia imejaa watu wa zamani na mizigo yao, wa kwangu unapanga foleni. Nina wajawazito hapa. Fanya jambo."

Fikiri akafanya jambo. Alikaa na kompyuta mpaka Alhamisi adhuhuri akiandika toleo la nane, ambalo liliwaacha wa zamani waendelee kuja lakini liliwataka wasimame pembeni kila ujumbe wa aliye hai unapopita. Kisha akaingia kwa Abdulatifu kuomba ruhusa ya kulipeleka siku hiyo hiyo.

Abdulatifu alikuwa mtu mpole, mwenye kanzu safi na meno mabovu. Alisikiliza maelezo, kisha akaomba asikilizishwe sauti ya Mihambo. Aliisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa.

"Sauti ni ya kwenu kabisa," alisema. "Hata huo ukali wa kusema 'nambieni'."

"Ndiyo, bosi."

"Sisi wa kwetu hawajatuma chochote. Wote walifia kitandani." Akachukua tasbihi mezani. "Na akifika anakwenda wapi, huyu mzee?"

"Kwake."

"Kwake ndiyo hapa tulipokaa."

"Ndiyo, bosi."

"Fikiri, mimi simwiti muongo marehemu. Amesema kweli, na kweli yake nimeisikia. Lakini hati ninayo mimi, na mnara una wateja mia tatu. Rudisha toleo la sita. Kesho saa saba, kama kawaida yetu."

"Leo Lusu wanasubiri, bosi. La nane liko tayari."

"Umelijaribu?"

"Bado."

"La saba ulilijaribu?"

Fikiri akarudi kwenye meza yake akakaa. Jioni ile sauti ilitoka Kigwa. Mihambo alikuwa amepata jibu la kwanza njiani. Alicheka kwenye simu kwa muda mrefu, akasema, "Wa kiume," kisha akacheka tena.

Ijumaa saa tatu asubuhi Fikiri alifungua kompyuta kuangalia foleni. Wapagazi walikuwa mia mbili na kumi na mmoja, na nyuma yao ulisimama ujumbe wa Benedikta ulioondoka Lusu Alhamisi saa kumi jioni. Ulisema: "Gari la wagonjwa haraka. Leonia, mimba ya kwanza, uchungu tangu jana, damu inatoka."

Alipiga simu Nzega akiwa amesimama. Gari liliondoka dakika ile ile. Saa tano na nusu dereva alimpigia simu kutoka barabarani. Mama walimkuta hai na wanaye garini. Mtoto walimkuta amekwisha kufa.

"Wamesema ingekuwa wiki iliyopita, gari lingefika jana," dereva alisema. "Eti kuna foleni. Foleni gani hiyo kule porini, fundi?"

"Ni toleo," Fikiri alisema.

Saa sita na nusu mji ulianza kwenda msikitini. Abdulatifu alipita na msala begani, akamtazama Fikiri, akaendelea na njia. Kwenye kioo cha kompyuta yalikuwa matoleo mawili, la sita na la nane. Simu ikalia mara moja. Mama yake alikuwa amemtumia sauti iliyoingia sasa hivi.

"Nimefika karibu na mti mrefu wa chuma," alisema Mihambo. "Nilipoondoka mti huu haukuwepo. Umesimama uwanjani kwetu. Nauona toka ng'ambo ya reli. Wekeni maji."

Fikiri akatoka mlangoni akaangalia upande wa reli. Jua lilikuwa kali, na mbali kidogo, kati ya pikipiki zilizoegeshwa na mama muuza mihogo, alikuja mtu mmoja mwembamba, anachechemea, kichwa kimenyooka kama anayebeba kitu, lakini hakubeba kitu. Muuza mihogo akavuta beseni lake ampishe.

Akarudi kwenye kiti. La nane lilikuwa halijajaribiwa, na hakujua litamsimamisha nani, wapi, na kwa muda gani. La sita lilijulikana linatupa nini. Saa saba kamili akalipeleka la sita.

Ruta zikazimika. Zilipowaka, Fikiri hakutoka tena mlangoni. Baadaye muuza mihogo alimwambia kwamba yule mtu alisimama, akaweka mkono juu ya jicho kama anayetafuta nyumba, halafu nafasi yake ikawa wazi, naye akarudisha beseni lake pale pale.

Saa nane Abdulatifu alirudi kutoka msikitini, akamwandikia jibu la wateja wote. Fikiri akalituma bila kubadili kitu: "Ndugu mteja, tatizo lako limeshughulikiwa. Asante kwa kuwa nasi."

Jibu lilifika Isevya likamkuta Bi Tatu amekaa nje mbele ya viti, amevaa gauni la Idi. Akampa Shomari amsomee, kwa sababu miwani ilikuwa ndani. Shomari akasoma polepole, akalirudia, kisha akamrudishia simu.

"Ametoroka tena, Bi Tatu," alisema, na safari hii hakuwa anatania. Alimsaidia kurudisha viti ndani.

Maoni ya wiki ile yalikuwa mazuri. Benedikta aliandika, "Gari limefika kwa dakika arobaini, leo ni mama mwingine, yuko salama. Ila barua mbili za mkoa zimepotea." Najiat alitoa nyota tano. Wale waliokwisha kufika walibaki wamefika, na babu wa baba yake alikwisha kujifunza kushona vifungo.

Fikiri akafunga hesabu ya toleo la saba kwenye daftari, ukurasa wa ishirini na sita, kama alivyofunga hesabu ya kila toleo. Lilidumu siku saba. Waliofika majumbani, kumi na wanne. Walioachwa njiani, mia mbili na kumi na mmoja, wa karibu kuliko wote hatua tisini kutoka mlangoni kwake, hatua alizopima mwenyewe Jumamosi kwa miguu yake. Viti sita. Mtungi mmoja wa maji, haukunywewa. Lusu, mtoto mmoja wa kike, kilo tatu na robo, hakupewa jina.