Kiti cha Shangazi Mlangoni

…wala hawezi kugeuza kichwa, kichwa kimejaa rola na kimesukumwa ndani ya draya ya saluni inayovuma kama mashine ya kusaga, anachoweza Anande ni kumtazama mama yake kwenye kioo, mama kanyoosha miguu anapakwa rangi kucha, anacheka, Mungu wangu anacheka, saa nane anampeleka binti yake kanisani na hajui kwamba watu wasiolijua hata jina lake wanamtazama kiuno… "Mwanangu, moto umezidi?" Hapana mama, anajibu, umezidi mama, umezidi, ila si huu. Ni wa jana, nyuma ya nyumba, Abdiel mdogo wake, mtu wa utani siku zote, jana hakutania, dada, nilikuwa intaneti kafe pale Sombetini, vijana wamejazana kwenye kompyuta moja wanapiga miluzi, nikachungulia… akatazama chini, ni tovuti ya mambo ya watu wazima, kuna video, wameandika matusi juu yake, ni kicheni pati yako, dada, ni mama. Mama! Mjane, mzee wa kanisa, aliyejifunga kanga moja akamwonyesha bintiye namna mke anavyomchezea mumewe, wanawake wakapiga vigelegele, na Anande akalia kwa furaha maana tangu baba afariki hajawahi kumwona mama akicheza… ndicho kinachopigiwa miluzi hicho. Akamwambia Abdiel nyamaza, harusi ipite kwanza, mama akijua hatainua tena uso kanisani. Lakini nani kakitoa, nani, mwanaume hakuingia hata mmoja, Abdiel mwenyewe alipoleta soda aliziacha uani, mama alivuta mapazia kwa mkono wake, shangazi akaweka kiti mlangoni akakikalia kwa uzito wake wote, na mpiga picha akatafutwa mwanamke makusudi, Fransiska, wanaimba naye kwaya, kikulacho ki nguoni mwako, amewaza hivyo usiku kucha, Fransiska na upole wake wote ule…

"Shikamoo mama!" Huyo kaingia, kamera begani, taa yake nyekundu inawaka. "Marahaba mwanangu, nichukue na mimi basi, leo si nimependeza?" na mama anaipungia kamera mkono, usipunge mama, usipunge… kiti cha pembeni msichana anayesukwa anauliza kitu, draya inameza maneno, Anande anapata vipande tu, Jumamosi ijayo… kicheni pati yangu… mama yangu ana wasiwasi, wanaume je, na Fransiska anacheka kwa sauti, hii inasikika yote, "Mwanaume gani? Kamera nashika mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Nikimaliza napeleka kanda studio, wale kaka wanaikata, wanatia muziki, unaletewa safi kabisa." Wale kaka. Kasema bila kupepesa macho, kumbe hajui, naye hajui, hakuna aliyejua, sisi tulilinda mlango, anawaza Anande, na rola zinamchoma na hazisikii tena, ukumbi mzima wa wanawake tulilinda mlango dhidi ya mtu mwenye miguu, halafu kanda ikatoka kwa mlango uleule ndani ya mkoba, na shangazi akainuka kwenye kiti chake kuipisha, akaiambia kwaheri, nenda salama… ikaenda kulala chumba cha nyuma cha studio mikononi mwa wale kaka, mama yangu, wanamrudisha nyuma, wanampeleka mbele, wanamsimamisha wanapotaka. Na ya leo itaenda hukohuko. Na ya Jumamosi. Yule binti anatabasamu, anasema sawa basi, nitamwambia mama asiogope… nilidhani ninamfunika mama kwa kunyamaza kwangu, ninaowafunika ni wao, hasira inampanda, na hofu iko palepale, haikupungua hata kidogo, maana akisema neno moja mama atauliza la pili, na la tatu ndilo lenyewe… "Tulia mwanangu, bado kidogo tu," mama anasema kwenye kioo, draya inavuma, taa nyekundu inawaka, mkono wa mama bado uko juu unapunga.

"Zima kamera, Fransiska," Anande anasema, na mama anageuka kumtazama.