Kidole Kisicho na Wino

Siku ya uchaguzi, saa moja asubuhi, waliokuwapo katika chumba cha kufulia cha hospitali ni hawa: msimamizi, wafuaji wawili, mkunja mashuka ambaye wote walimwita Shangazi, na mpiga pasi. Hakukosekana mtu, na hilo lilikuwa jambo geni. Miaka yote siku hiyo mashine zilizimwa, na daktari mkuu alisimama foleni moja na mfagiaji, jua likiwachoma sawasawa.

Mwaka huu ilikuja kura ya mapema. Jumatano iliyopita uongozi uliwapakia wafanyakazi katika gari la nguo chafu, wakapiga kura kwa nusu saa, wakarudishwa kazini.

"Vidole juu," alisema msimamizi.

Wino ulikuwa umeanza kufifia kwenye kucha. Kidole cha mpiga pasi kilikuwa safi.

"Siku yako ilikuwa Jumatano."

"Jumatano nilikuwa namuuguza mama, bosi."

"Ya nyumbani hayaihusu hospitali. Leo ni siku ya kazi."

Shangazi alikung'uta shuka kwa nguvu. "Afadhali yeye. Sisi tulishaliwa."

Wote walijua maana yake. Ijumaa, matangazo yalikuwa yamebandikwa kwenye milango ya nyumba walizoishi, nyuma ya hospitali: nyumba zote zitabomolewa. Sahihi ya chini ilikuwa ya diwani anayegombea tena, yule yule waliyempa kura siku mbili kabla.

"Kura yangu ililala sandukuni kabla mimi sijaamka," alisema Shangazi, akimgeukia mpiga pasi. "Mwanangu, ungenipigia na yangu."

"Kura haiazimwi, Shangazi."

"Basi kapige yako. Walau mmoja wetu apige akiwa macho."

Mfuaji mmoja alicheka, kisha akakimeza kicheko msimamizi alipogeuka.

"Vituo vinafungwa saa kumi, na zamu inaisha saa kumi na moja," alisema msimamizi. "Atakayevuka lango kabla ya hapo, asirudi."

Mpiga pasi alimaliza shuka lililokuwa mezani, akalinyoosha pembe kwa pembe, kwa kuwa mgonjwa atakayelilalia hakuwa na kosa. Kisha akachomoa waya wa pasi.

"Jamani," aliwaambia wote, msimamizi akiwamo, "mimi nakwenda kupiga kura. Nikirudi nikakuta lango limefungwa, nirushieni mkoba wangu juu ya ukuta."