Bei ya Kufungia

Soko la hisa Dar es Salaam hufungwa saa kumi jioni. Saa kumi na robo binti yangu Zakia, anayefanya kazi kwa dalali wa hisa huko, hunipigia simu. Hapa Milola mtandao unashika vizuri kwenye kichuguu nyuma ya ofisi ya chama cha msingi cha wakulima wa korosho, ambako mimi ni katibu, kwa hiyo muda huo huwa nimeshasimama juu yake. Watu wamezoea kuniona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Imefungaje?"

Nina hisa elfu mbili za benki moja. Nilizinunua Zakia alipoajiriwa, miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo amekuja nyumbani mara mbili.

Oktoba bei ikaanza kuteremka.

"Si kuteremka tu," Zakia akasema. "Mwanzoni zilikuwa zinauzwa chache. Sasa zinamwagwa kwa maelfu na wanunuzi hawaonekani. Watu wameingiwa na woga, mama. Tuuze?"

"Hatuuzi."

Hilo ni neno letu la mnadani. Bei za wanunuzi wa korosho zikisomwa na wakulima wakaona ndogo, hukataa kwa sauti moja, na mzigo unabaki ghalani mpaka mnada ujao. Mnunuzi mwenye haja hurudi ameongeza.

"Huku hakuna anayekusikia ukikataa," Zakia akasema. "Bei inakupita tu."

"Tusubiri mnada ujao."

"Hakuna mnada ujao, mama. Kuna kesho." Akacheka, nami nikakaa kimya ili acheke zaidi.

Nilijua anachosema. Nina stashahada ya ushirika. Wiki ileile mwenyekiti wetu, Mzee Hussen, alitaka wakulima wakatae bei kwa mara ya pili, nikambishia. Mnada wa kwanza mawakala wa wanunuzi walibaki, wakaagiza wali, wakawapigia simu matajiri wao. Safari hii madereva waliwasha magari kabla bei ya mwisho haijasomwa.

"Hawa hawarudi, mzee. Tuuze leo."

Wakulima wakakubali. Mnada uliofuata bei ikaanguka, na Mzee Hussen akatangaza msikitini kwamba katibu ana jini la bei.

Nilimsimulia Zakia. Hakucheka.

"Mama, wakubwa wanaouza hisa za benki yako wamewasha magari wiki tatu sasa. Umeyaona. Kwa nini hizi huziuzi?"

"Mtandao unakatakata," nikasema. Ulikuwa safi kabisa.

Kabla ya hisa alikuwa akinipigia Jumapili, na Jumapili nyingine anasahau. Kazi, foleni, uchovu, simlaumu. Hisa ndizo zilizonipa sauti yake siku tano kwa wiki. Ningemwambiaje hayo mtu mzima mwenye shughuli zake?

"Mama, robo ya thamani imeshaondoka. Hizo ni pesa za bati za nyumba yako."

Na masika yangefika tu, bati ziwepo zisiwepo.

"Uza," nikasema.

"Zote?"

"Zote."

Fedha ziliingia. Nikanunua bati, nikamtafuta fundi. Saa kumi na robo, siku ya kwanza baada ya hapo, nilijikuta kichuguuni na simu mkononi. Haikulia. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Mzee Hussen akapita na baiskeli yake.

"Katibu, leo Dar wamefunga bei gani?"

"Nenda zako, mzee."

Alipopotea kwenye mikorosho nikapiga mwenyewe.

"Mama? Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Imefungaje?"

"Mama, huna hisa hata moja."

"Najua. Nisomee."

Kwanza nilisikia magari ya huko kwake, na mtu akimwita ofisini. Kisha mlango ukafungwa na kelele zikapungua.

"Nianze na ipi?" akauliza.

"Anza juu. Soma zote."

Nikakaa chini juu ya kichuguu, akaanza kusoma.